Watoto Waliokesha

Sisi wenye watoto huku Uingereza hatujausahau mwaka 2020. Shule zilifungwa mwezi Machi, na haukupita muda watoto wakapoteza majira. Wangu, wa miaka tisa, saa nane ya usiku yu macho, na saa nne ya asubuhi haamshiki. Bibi yake akasema kwenye simu kutoka Tanga kwamba tumemdekeza. Nami nakiri, nilimgombeza si mara moja.

Baadaye nikakutana na habari za watoto wengine wa nchi hii, waliokesha miaka mia moja kabla ya wetu.

Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia ulizuka Ulaya ugonjwa wa ajabu. Mwaka 1917, mjini Vienna, daktari Constantin von Economo aliueleza na kuupa jina: ensefalitisi letajika, yaani uvimbe wa ubongo uletao usingizi mzito. Usiuchanganye na malale ya kwetu, yaletwayo na mbung'o. Chanzo cha huu hakijathibitishwa hadi leo. Ulienea duniani miaka ileile ya mafua makuu ya 1918, na mafua yalipokwisha wenyewe ukabaki. Mwaka 1924, katika England na Wales pekee, waliandikishwa wagonjwa zaidi ya 5,000.

Wengi walilala, na wako ambao hawakuamka tena. Lakini watoto wengi waliopona homa walipatwa na kinyume chake. Mzazi anashukuru kwamba mwana kapona, kumbe usingizi umegeuka: mchana anasinzia, usiku kucha anaimba, anarukaruka kitandani, anasema peke yake hadi alfajiri. Tabia nazo zikageuka. Mtoto mpole akawa mwizi, akawa wa kupiga wadogo zake, kisha akalia na kuomba radhi, maana alijua alilotenda ila hakuweza kujizuia. Shule zikawakataa. Wengine wakafikishwa mahakamani.

Hata sheria haikuwa na mahali pa kuwaweka. Ilihesabu kuwa na upungufu wa akili wale tu waliokuwa nao tangu kuzaliwa au tangu udogoni, na hawa walikuwa wazima mpaka siku ya homa. Mwaka 1925 zikafunguliwa wodi zao katika hospitali ya Winchmore Hill, kaskazini mwa London, na mwaka 1927 Bunge likaibadili sheria ili imhusu pia aliyeharibiwa na maradhi kabla ya kutimiza miaka 18.

Von Economo naye alipasua bongo za waliokufa. Waliolala mno walikuwa na jeraha upande wa nyuma wa sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo. Waliokesha, upande wa mbele. Mtoto aliyeitwa mtukutu alikuwa na kidonda kichwani.

Wangu hakuwa mgonjwa. Shule ilipofunguliwa usingizi ulimrudia polepole. Wale wa zamani wengi hawakurudiwa. Miaka ya 1960 hospitali ile bado ilikuwa na wagonjwa wa homa hiyo, sasa watu wazima, viungo vimekakamaa. Siku hizi pale pana nyumba za watu. Tulipita kwa basi, nikamsimulia mwanangu, akataka kujua kama usiku waliachiwa taa.