Niko Kadi: Vile ya Kungoja, Vile ya Kuzuia

Kutoka Jericho hadi Kayole, maneno mawili hunyamazisha base mara moja: "niko kadi." Maana yake, zamu yangu ikirudi namaliza. Usipotangaza, hata kama umebaki na kadi moja, huwezi funga. Sheria ndogo hubadilika mtaa kwa mtaa, lakini hizi ndizo utapata karibu kila mahali.

Kadi za kufunga
Unamaliza na jibu pekee: 4, 5, 6, 7, 9 ama 10. Kwa kadi 54, joka mbili zikiwa ndani, majibu ni 24 tu. 2, 3, 8, J, Q, K, A na joka hazifungi. Ukificha A mpaka mwisho, umejichoma.

Unangoja nini?
Ukibaki na 7 ya kopa, inakaa juu ya kopa zingine 12 ama 7 zingine tatu. Hizo ni kadi 15. Sasa shika 7 ya kopa pamoja na 7 ya maua, uziangushe mara moja: kopa 12, maua 12, na 7 mbili zilizobaki. Hizo ni 26. Kwa hivyo usikimbilie kuvunja pea ndio uonekane na kadi moja.

Kuzuia
Kama unacheza kabla ya huyo mse, mzigo ni wako. Mlishe na 2, 3 ama joka, mruke na J, rudisha gemu nyuma na K, ama itisha na A.

Uitishe gani? Kumbuka alikwama wapi. Kama 9 ya maua ilikuwa juu na akaokota, hakuwa na maua wala 9. Itisha maua, hatari ni ile moja aliyookota.

Cheki pia hii: aliye kadi kweli kawaida hana 2 wala A ya kujikinga, juu hizo hazifungi. Mahjong ya Japani iko hivyo: ukisema riichi unaweka pointi 1,000 mezani, na mkono wako haubadiliki tena.

Lakini kinga ina bei. Kila 2 unayoweka ya kuzuia ni kadi bado unafaa kutoa. Ukiwa na kadi saba mkononi, zuia. Ukiwa umebakisha mbili, piga hesabu kwanza: unamfungia, ama unajifungia?