Zigi, Mto Unaoinywesha Tanga

Ukifungua bomba Chumbageni, Ngamiani au Makorora, maji unayokinga ni ya Zigi. Mto huu naujua tangu ujana wangu. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kusoma kipimo cha kina chake asubuhi na jioni, kuandika tarakimu kwenye daftari, na kulipeleka daftari mjini mwezi unapoisha. Huko mjini nilikutana na watu walioniambia kwa uhakika kwamba Tanga inakunywa maji ya Pangani. Pangani ni mto mkubwa, una mabwawa ya umeme, na jina lake limo katika kila ramani ya shule. Zigi umesahauliwa, na kusahauliwa huko kumeugharimu.

Ni mto mfupi. Kutoka milima ya Usambara Mashariki hadi Bahari ya Hindi ni kama kilomita 100 tu, na eneo lote linaloukusanyia maji ni kama kilomita za mraba 1,000. Chanzo chake kimo katika misitu ya Amani, wilayani Muheza, mahali ambapo mawingu yanayotoka baharini hukutana na mlima wa kwanza. Vijito vyembamba huteremka kwenye mabonde yenye giza la miti, vikakusanyika, vikaporomoka kwa kasi hadi chini ya mlima, penye kijiji cha Kisiwani na kituo cha zamani cha reli cha Zigi. Hapo mto hutulia kidogo. Hupita kwenye misaji ya Longuza, hupokea Kihuhwi, ambao ndio mkono wake mkubwa, kisha huingia katika nchi ya mkonge na minazi. Huzuiwa na bwawa la Mabayani, hupenya kwenye mawe ya chokaa ya Amboni, hupita chini ya daraja la barabara iendayo Horohoro na Mombasa, na kuishia katika mikoko kaskazini ya mji.

Wasioishi mlimani hudhani mvua ndiyo inayoujaza mto. Mvua ni nyingi kweli: Amani hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, masika na vuli. Lakini mvua ikianguka kwenye ardhi tupu ya mteremko hukimbia siku hiyohiyo, ikiondoka na udongo. Ajabu ya Zigi nilikuwa nikiiona kwenye daftari langu mwezi wa Januari na wa Februari, wakati nyasi za Muheza zimekauka na visima vya bondeni vimeshuka. Kipimo kilipungua polepole mno, na mto ukaendelea kutembea. Maji hayo yalikuwa yametunzwa na msitu. Majani yaliyooza chini ya mitambara na mivule hunyonya mvua na kuiachia kidogo kidogo, na hata siku isiyo na mvua ukungu hugusa majani ukadondoka. Mama yangu, aliyezaliwa upande wa Kisiwani, alikuwa akisema msitu una subira kuliko mtu. Tarakimu zangu zilimshuhudia.

Wageni wa kwanza kuutaka msitu huo kwa fedha hawakuielewa subira yake. Mnamo 1891 Wajerumani walianzisha shamba la kahawa Derema, na mengine yakafuata haraka. Waliona miti mirefu wakaamini udongo ni wa rutuba. Sivyo. Udongo wa Usambara Mashariki ni wa kale, umesafishwa na mvua kwa karne nyingi, na rutuba yake yote imo katika majani yanayoanguka. Ukikata mti, umekata na mbolea. Kahawa ilistawi miaka michache, ikanyauka, na bei ya dunia ikaanguka juu yake. Baadaye sana mashamba mengi ya juu yaligeuzwa kuwa ya chai, kama ya Bulwa na Kwamkoro, yaliyopo hadi leo.

Mwaka 1902 Wajerumani walifungua Amani taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo, wakapanda miti kutoka pande zote za dunia ya joto. Kwa ajili ya mbao wakajenga reli nyembamba ya kilomita 23 hivi kutoka Tengeni, kwenye reli kuu ya Tanga, hadi Zigi; ilikamilika 1910. Mteremko ulikuwa mkali kiasi kwamba mahali pengine treni ilipanda, ikasimama, ikarudi kinyumenyume kwenye njia ya juu zaidi, kisha ikasonga mbele tena. Wazee wa Kisiwani niliowakuta nikiwa kijana walisimulia mlio wake kama walivyosimuliwa na baba zao, pamoja na jasho la waliochimba tuta lake kwa majembe. Reli yenyewe haipo tena. Nyumba ya mkuu wa kituo bado imesimama, na leo ndipo wageni wa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani wanapopokelewa.

Hapa naomba msomaji anivumilie, maana yaliyotendeka Amani hayasimuliwi vya kutosha. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani walipofungiwa bahari na Waingereza, taasisi ilitengeneza kwinini kutokana na magome ya mikwinini iliyopandwa mlimani, pamoja na sabuni na mishumaa. Chini ya Waingereza kilichoshughulikiwa sana ni muhogo. Ugonjwa wa batobato ulikuwa ukiharibu mashamba ya muhogo sehemu nyingi za Afrika. Watafiti Storey na Nichols, kuanzia miaka ya 1930, waliuchanganya muhogo na ndugu yake wa msituni, aina ya mti wa mpira kutoka Brazili, wakachagua watoto waliostahimili, wakachanganya tena, miaka kwa miaka. Mbegu za kazi hiyo zilifika Nigeria na kuwa msingi wa aina nyingi za muhogo zinazolimwa Afrika Magharibi. Aina iitwayo Kaleso, inayolimwa pwani ya Kenya, ni ya ukoo huohuo. Mamilioni ya watu wanakula matunda ya kilima kinachozaa Zigi bila kukijua. Baada ya hapo Amani ikawa makao ya utafiti wa malaria kwa Afrika Mashariki, na vijana wengi wa vijiji vyetu walipata ajira ya kukamata mbu. Walijifunza kuwatambua kwa hadubini, na baadhi yao wakawa mafundi hodari kuliko wasomi waliowasimamia.

Bondeni mambo yalikuwa mengine. Mkonge uliingia nchini mwaka 1893, ukaletwa na Richard Hindorf kutoka Florida, na miche 62 tu ndiyo iliyopona safari. Kutokana na hiyo yakazaliwa mashamba yaliyoifanya Tanga kuwa Tanga. Kiwanda cha mkonge kinahitaji maji mengi: jani linapopondwa kwenye korona, mashine ya kutoa nyuzi, lazima lisukumwe na kuoshwa, na maji yanayotoka ni machachu na yana harufu kali. Zigi na vijito vyake vilitoa maji safi na kupokea machafu. Kwa muda mrefu hakuna aliyeuliza, kwa kuwa mji ulikuwa mdogo.

Hukohuko chini, kwenye mawe ya chokaa ya Amboni, yapo mapango ambayo wenyeji wamekuwa wakienda kutambika tangu zamani, na katika miaka ya 1950 Osale Otango na Paulo Hamisi, waliotafutwa na serikali ya kikoloni, husimuliwa kuwa walijificha humo. Na katika nchi hii hii Walter von Saint Paul-Illaire, bwana wa wilaya wa Kijerumani, aliokota mwaka 1892 ua dogo la zambarau linalokaa kwenye kivuli cha mwamba wenye unyevu. Alilipeleka kwao, likapewa jina lake: Saintpaulia. Leo linauzwa kwenye vyungu Ulaya na Marekani, na biashara hiyo haijawahi kuwarudishia wenyeji kitu.

Sasa nifike kwenye jambo linalonikera zaidi. Mwaka 1978 lilijengwa bwawa la Mabayani ili kuipatia Tanga maji. Lilikuwa jambo jema na la lazima. Viwanda vilikuwa vimeongezeka na watu pia. Lakini katika miaka hiyohiyo, juu mlimani, msitu ulikuwa ukivunwa kwa mashine. Finland ilikuwa imetoa msaada kwa kiwanda cha mbao mjini Tanga, na magogo ya Usambara Mashariki yalishuka kwa malori mchana na usiku. Kwa mkono mmoja tulijenga tangi, kwa mkono mwingine tukakata mfereji wa kulijaza. Mvua ya masika ikawa inashuka nyekundu. Kipimo changu kilipanda ghafla usiku mmoja na kushuka ghafla kesho yake, jambo ambalo msomaji wa vipimo huliogopa, na tope likaanza kutulia chini ya bwawa, likala nafasi ya maji. Wanasayansi na wenyeji walilalamika, na kabla miaka ya 1980 haijaisha uvunaji ule ulisitishwa. Finland hiyohiyo ikageuka, ikagharamia uhifadhi wa misitu ya vyanzo vya maji kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 1997 Amani ikatangazwa hifadhi, hekta zaidi ya 8,000.

Kutangaza ni rahisi. Watu wa Derema walikuwa wakilima iliki chini ya kivuli cha miti mikubwa, na iliki ndiyo iliyosomesha watoto wao. Derema ilipofanywa ushoroba wa kuunganisha misitu, walilipwa fidia wakaondoka, na wengi hawakuridhika. Ukimnyima mtu iliki bila kumpa kitu kingine cha kudumu, usishangae akishuka ukingoni mwa mto kulima mahindi. Mwishoni mwa 2003 ikasikika habari ya dhahabu katika vijito vya Sakale, na maelfu ya wachimbaji wakamiminika kugeuza mchanga wa chanzo chenyewe. Mto ulikuja mchafu hadi bondeni kabla hawajaondolewa.

Waliofanya kazi ya maana bila kelele ni wakulima wenyewe. Umoja wao, UWAMAKIZI, unaowaunganisha wahifadhi wa Kihuhwi na Zigi, umewashawishi majirani kuacha kulima ndani ya mita 60 za ukingo kama Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inavyotaka, kupanda miti, kufuga nyuki na kutafuta mazao yasiyoangusha udongo. Mamlaka ya maji ya Tanga imewaunga mkono. Mwaka 2024 mamlaka hiyo iliuza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12 ili kupanua huduma ya maji, mabomba na mitambo yakiwemo. Nafurahi, kwa kuwa mji umekua na kiu yake imekua. Lakini bomba halizai maji.

Ninachowaomba wenye mamlaka na wanywaji wa Tanga ni hiki. Katika kila bili ya maji iwekwe sehemu ya kudumu, hata ikiwa ndogo, inayopanda mlima na kufika mikononi mwa mkulima wa Kisiwani na wa Sakale anayeacha ukingo bila jembe. Ilipwe kwa wakati, kama anavyolipwa msomaji wa mita, wala isisubiri mradi wa wafadhili uje na kuondoka. Na wewe mkazi wa Tanga, likizo ijayo panda gari la Amani, ushuke Zigi kituoni, uyaone maji yako yanapopita kwenye mawe.