Lebo za ingizo na towe

Lebo za ingizo na towe ni majina ambayo mtumiaji wa programu ya kurekodi muziki huyapa matundu ya kadi ya sauti. Bila majina hayo programu huweza kuonyesha namba tu.

Fundi anayerekodi ngoma ya Wapogoro au Wandamba huko Ifakara, katika bonde la mto Kilombero (Mkoa wa Morogoro), anaweza kuhitaji vipaza sauti vinane. Akiandika "kiongozi" kwenye ingizo la 3 na "waitikiaji" kwenye la 4, hana haja ya kukumbuka namba.

Lebo haihamishi sauti. Waya wa kiongozi ukichomekwa kwa makosa kwenye tundu la 8 ambalo halijawekwa tayari kurekodi, jina litabaki kwenye 3, likirekodi ukimya, na programu haitaonya. Kosa hili ni zito zaidi nje ya studio, maana wachezaji wakishatawanyika ni vigumu kuwakusanya tena. Kwa hiyo mtu husemea kila kipaza sauti kwa zamu huku fundi akitazama skrini.

Kwa upande wa towe, 1 na 2 kwa kawaida ni spika; 3 na 4 huweza kuitwa "hedifoni".

Katika Cubase dirisha la miunganisho hufunguliwa kwa kitufe cha F4. Pro Tools huweza kuhifadhi mpangilio kama faili. Kazi ikipelekwa Dar es Salaam kwenye kadi nyingine, majina hulinganishwa upya na matundu yake.