Domeni Iko Kwenye Pakiti ya Mbegu

Wasee wa Kitale na Bungoma, wengi wetu tulishika pakiti ya mbegu ya mahindi kabla ya kushika kalkuleta. Lakini ukituuliza domeni ya fankisheni ni nini, tunaangalia dari. Mimi nasema hilo si kosa letu pekee, na ushahidi uko kwenye historia ya hayo mahindi.

Mwaka wa 1964, kituo cha utafiti cha Kitale kilitoa mahindi chotara ya H611. Mzazi mmoja ni mbegu iliyoboreshwa hapo hapo Kitale, mwingine alitoka Ecuador, huko Amerika Kusini. Mbegu za chotara zikasambazwa na Kenya Seed, kampuni iliyoanzishwa Kitale mwaka wa 1956, na hazikubaki kwa mashamba makubwa. Wakulima wadogo nao walizichukua haraka.

Namba za hizo mbegu hazikuwekwa ovyo. Zinazoanza na 6 ni za nyanda za juu, kama mita 1,500 hadi 2,100 kutoka usawa wa bahari. Zinazoanza na 5 ni za mwinuko wa kati. Sasa cheki: Kitale iko kama mita 1,900, mji wa Bungoma kama mita 1,400. Unapanda matatu Kitale, unapita Kiminini, unateremka hadi Webuye, unafika Bungoma. Mahali fulani njiani umevuka mpaka wa ile mbegu na hata hukujua.

Fankisheni ni hivyo tu. Unaipa kitu, inakurudishia kitu kimoja. Hapa unaipa mwinuko, inakurudishia magunia. Domeni ni vile vitu unavyoruhusiwa kuipa. Kwa hesabu za daftari, mpaka ni mkali: kipeuo cha pili hakitaki namba hasi, na 1/(x − 3) haitaki 3, juu utakuwa unagawanya kwa sufuri. Ndiyo maana kalkuleta inakugombeza. Shamba halikugombezi. Mbegu ya 6 ukiipeleka chini sana itaota tu, halafu ikuangushe wakati wa kuvuna. Ukiniuliza, hiyo ni mbaya zaidi.

Ukishajua domeni, unauliza tabia: inapanda wapi, inashuka wapi, inagota wapi? Hiyo kazi pia ilifanywa huku kwetu. Miaka ya 1960, mtafiti A. Y. Allan alifanya majaribio magharibi mwa Kenya kuona mavuno yanabadilikaje ukibadilisha mbegu, mbolea, wakati wa kupanda na palizi. Matokeo yake yalishangaza: mahindi ya kienyeji yaliyopandwa mapema na kupaliliwa vizuri yalishinda chotara yenye mbolea iliyochelewa na kumezwa na magugu. Yaani mbegu ya bei haikuokoi kama umekosea mengine. Ukiunganisha yote mawili, mbegu nzuri na utunzaji mzuri, ndipo mavuno yanaruka kabisa.

Sasa skiza hii. Miaka hiyo hiyo ya 1960, ng'ambo ya mpaka wa Malaba, walimu wa Kiafrika na wenzao kutoka Marekani na Uingereza walikuwa wakikutana Entebbe, Uganda, kuanzia 1962, kuandika vitabu vya hesabu mpya kwa shule za Afrika. Seti na fankisheni zikaingia darasani. Wazazi hawakuelewa watoto wanaletewa nini, na walimu wengi hawakuwa wameandaliwa. Mwaka wa 1981 Kenya ikaachana na hesabu mpya.

Hapo ndipo roho inaniuma. Kitale ilikuwa na fankisheni hai kwa udongo, Entebbe ilikuwa na fankisheni kwa karatasi, na sisi hatukuwahi kuonyeshwa kwamba ni kitu kimoja. Tukabaki na swali la mtihani: chora grafu kwa x kutoka −3 hadi 4. Hiyo "kutoka −3 hadi 4" ni domeni! Lakini umepewa tayari. Unajaza jedwali, unachora, unachukua alama zako, na hakuna aliyekuuliza kwa nini −3 na si −10.

Mwaka wa 2025 serikali ilitangaza kwamba sekondari ya juu itakuwa na hesabu za aina mbili: moja ya wanaoenda sayansi na teknolojia, nyingine ya wengine wote. Sina shida na hilo. Shida yangu ni tukiwaondolea hao wengine lile swali: hii sheria inafanya kazi wapi, na inaacha kufanya kazi wapi?

Juu hilo swali si la mainjinia pekee. Mtu wa mkopo wa simu anakuonyesha siku saba za kwanza tu. Mtu wa kamari anakuonyesha walioshinda tu. Wote wamekuchagulia domeni, kama mtihani.

Mkulima wa Kimilili akiingia dukani haulizi mbegu gani ni nzuri. Anauliza gani ni nzuri kwa shamba lake. Huyo anajua fankisheni kutuliko, na hakuna mtu amewahi kumpa alama.