Nani Apasuaye? Kompyuta katika Historia ya Upasuaji

Katika sentensi ya kutendwa, vihusishi "na" na "kwa" hugawana kazi: mgonjwa hupasuliwa na daktari kwa kisu. "Na" humtaja mtenda. "Kwa" hutaja chombo. Je, kompyuta iingiapo katika chumba cha upasuaji, tuiweke upande upi? Jibu yafaa tulitafute katika historia.

Mwaka 1985, huko California, PUMA, mkono wa mashine uliobuniwa kwa kazi za kiwandani, ulielekeza sindano katika ubongo wa mgonjwa kwa kufuata picha za kompyuta. Machi 1997, nchini Ubelgiji, Jacques Himpens na Guy-Bernard Cadière walitoa mfuko wa nyongo kwa mikono ya roboti, mpasuaji akiiongoza bila kusimama kando ya kitanda. Tarehe 7 Septemba 2001 umbali ulizidi: Jacques Marescaux, akiwa New York, alimpasua mwanamke aliyelala Strasbourg, Ufaransa, kwa mawasiliano yaliyopita chini ya Atlantiki. Hata hivyo, madaktari wenzake walikuwapo karibu na mgonjwa.

Kwetu Kongo mambo yalishika njia nyingine. Cadière huyo huyo alikuja Bukavu, katika hospitali ya Panzi iliyoanzishwa na Denis Mukwege mwaka 1999, nao wakawapasua pamoja wanawake waliojeruhiwa kwa ubakaji. Chombo chao kilikuwa kamera nyembamba iingizwayo tumboni kupitia tundu dogo. Aliyevuka bahari hapa ni mtu, pamoja na ujuzi wake. Mwaka 2023 taasisi ya Marescaux, IRCAD, ilifungua kituo mjini Kigali ili kuwafundisha wapasuaji wa Afrika. Kisha Juni 2025, Vipul Patel, akiwa Florida, alimpasua kwa roboti mgonjwa wa tezi dume aliyekuwa Luanda, katika Angola jirani yetu.

Tangu mwanzo hadi leo, basi, kompyuta imekaa upande wa "kwa". Jambo hili si la wanasarufi peke yao. Siku roboti itakapofika Lubumbashi, mgonjwa atapewa karatasi ya ridhaa, nayo hatuna budi kuiandika kwa Kiswahili anachokielewa. Tukiandika "utapasuliwa na roboti", tutakuwa tumemfuta katika sentensi yule ambaye mgonjwa, au jamaa zake, wana haki ya kumwuliza habari ya kazi yake. Tuandike jina la daktari baada ya "na", hata kama yuko ng'ambo ya bahari.