Kulanti ya pikipiki

Kulanti ya pikipiki ni kimiminika kinachozunguka ndani ya injini inayopozwa kwa maji na kupeleka joto kwenye rejeta. Kwa kawaida huchanganywa nusu kwa nusu maji yasiyo na madini na ethilini glikoli, pamoja na kemikali za kuzuia kutu. Bodaboda nyingi, Bajaj Boxer ikiwemo, hupozwa kwa hewa na hazina kulanti. Kiwango hukaguliwa injini ikiwa imepoa na pikipiki imesimama wima: kiwe kati ya alama mbili za tangi la akiba. Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi injini ikiwa moto. Shinikizo hurusha maji yanayounguza. Wakati wa kubadilisha, kulanti kuukuu humwagwa, mfumo husuuzwa, hujazwa upya, kisha injini huungurumishwa ili hewa itoke. Glikoli ni tamu, lakini ni sumu.