Moto ndani ya hema: tiyo ilitoka wapi?



Tulipokuwa tunagawa vifaa kule juu kwenye milima, mama mmoja aliniita pembeni. Alikuwa amepewa hema ndogo, kati ya yale mahema ya watalii wanaotembea na mzigo mgongoni. Akaniambia: "Mwana wangu, hema ni nzuri, aksanti. Lakini haina fasi ya moshi. Baridi ya huku unaijua. Bwana yangu anataka kukata tundu apitishe tiyo." Kweli, bwana yake alikuwa amekwisha kushika kisu, na tiyo yake ya mikebe ya mafuta iko tayari chini. Nikamuomba: "Baba, ngojea kidogo." Akangojea, lakini akataka sababu. Sababu hiyo ni historia ndefu kidogo, ndiyo maana naiandika hapa.

Kuwasha moto ndani ya hema si jambo jipya. Wenyeji wa nyanda za Amerika ya Kaskazini, kama vile Wakomanchi, walifanya hivyo miaka mingi mbele ya Wazungu kuleta mabati. Hema yao, tipi, ilikuwa ya ngozi za nyati, imesimama juu ya miti mirefu. Moto uliwaka katikati, juu ya udongo mtupu. Kule juu kulikuwa na tundu lenye masikio mawili ya ngozi, kila moja limeshikwa na mti wake. Upepo ukigeuka, mama mwenye nyumba anasogeza ile miti, na masikio yanageuka nao. Ndani walitundika ngozi nyingine kama ukuta wa pili: hewa baridi inapita chini, inapanda kati ya kuta mbili, inasukuma moshi utoke juu. Hakuna chuma hata kimoja, lakini akili iko mingi sana.

Afisa mmoja wa jeshi la Marekani, Henry Hopkins Sibley, aliyafahamu mahema hayo alipokuwa akitumika upande wa Texas. Mwaka 1856 akaandikisha kwa serikali hema yake mwenyewe: duara, ya kitambaa kizito cha pamba, nguzo moja tu katikati ikisimama juu ya chuma cha miguu mitatu. Upana wake ulikuwa karibu mita 5 na nusu, na askari 12 walilala ndani, miguu ikielekea katikati kama mbao za gurudumu la kinga.

Katikati hapo ndipo jiko lilikaa. Jiko la Sibley lilikuwa kitu rahisi mno: bati limekunjwa kama mdomo wa tarumbeta, pana chini, jembamba juu, kamlango kadogo ka kuni, na tiyo inayopanda kutoka nje. Halikuwa na sakafu. Lilikaa juu ya udongo, na udongo huo ndio ulikuwa sakafu yake. Ukitaka moto mkali, unachimba kidogo chini ya ukingo hewa iingie. Ukitaka ulale pole, unarudisha udongo. Jeshi la Marekani liliendelea kutumia majiko ya namna hii mpaka wakati wa vita ya pili ya dunia.

Sibley mwenyewe hakufaidika. Walikuwa wamepatana alipwe dola 5 kwa kila hema. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ilipoanza mwaka 1861, alihamia upande wa majimbo ya Kusini, yale yaliyopigania kubaki na watumwa. Serikali ya Washington ikatengeneza mahema yake zaidi ya 40,000 bila kumpa senti. Alikufa maskini mwaka 1886. Mimi namuonea huruma kidogo, si sana. Maana wale wenyeji ambao aliiga akili ya hema yao, wao hakuna hata aliyefikiria kuwalipa.

Shida iliyobaki ilikuwa fasi ile tiyo inapopita kwenye kitambaa. Bati la moto likigusa pamba, pamba inaungua. Watu waliokwenda kutafuta dhahabu Klondike, kule Kanada, miaka ya 1897 na 1898, walilala katika mahema ya pamba kwenye baridi ya kugandisha mito. Wao walishona bati lenye tundu kwenye paa, tiyo ikapita katikati ya bati, mbali na kitambaa. Baadaye watu wakatumia asbesto, mpaka ikajulikana kwamba vumbi lake linaleta kansa ya mapafu. Leo wanaweka kitambaa cha nyuzi za kioo kilichopakwa silikoni. Kazi ni ile ile.

Sasa tufike kwenye hema ya yule mama. Mwaka 1938 kampuni ya DuPont ya Marekani ilitangaza nailoni. Ni nyepesi, haiozi upesi, inakunjwa ikaingia mfukoni. Watalii waliifurahia. Lakini pamba ikishikwa na cheche inatoboka na kuungua, nailoni yenyewe inayeyuka, inadondoka kama mshumaa na kushika kwenye ngozi ya mtu. Inayeyuka kwenye digrii kati ya 220 na 260, na tiyo ya jiko la kuni inaweza kupita hapo bila shida. Tena mengi ya mahema haya yana sakafu iliyoshonwa pamoja na kuta: ule udongo wa Sibley haupo. Wako watalii wanaowasha jiko dogo la chuma chepesi ndani ya mahema ya namna hii, lakini wanachagua hema refu isiyo na sakafu, wanashona ile pete ya kioo, wanaacha hewa wazi, na hawalali moto ukiwaka. Hema ya yule mama haifiki hata kiuno changu. Na watoto wako wanne ndani.

Wenye kutoa misaada nao walijifunza kwa uchungu. Tarehe 8 mwezi wa kumi 2005 tetemeko liliharibu Kashmiri, upande wa Pakistani, na watu zaidi ya 70,000 wakafa. Baridi ilikuwa mlangoni. Mahema mengi yaliyofika hayakuwa ya baridi, watu wakaingiza moto ndani, na mahema yakaungua na watu. Leo, kwa fasi za baridi, hema ya familia ya HCR inaweza kuwekewa kitambaa cha pili ndani, na pete ya kupitisha tiyo ambayo haishiki moto. Zinagawiwa zaidi Asia na Mashariki ya Kati. Huku kwetu watu wanafikiri Afrika yote ni joto. Waje walale usiku mmoja Minembwe.

Sisi tuliokaa kambini tunajua habari nyingine ya moto. Walioona Goma mwaka 1994 wanakumbuka namna pori la Virunga lilivyokatwa kwa ajili ya kuni za kambi. Waliokaa Nyarugusu wanakumbuka safari za kuni, na yaliyowapata wamama njiani. Na kila mtu anajua nyumba moja ambayo watu walifunga mlango, mbabula ya makala ndani, asubuhi hawakuamka. Ile gesi haina harufu. Hema iliyofungwa vizuri ni mbaya kuliko nyumba ya udongo, kwa sababu haina nyufa.

Yote haya nilimueleza yule baba, kwa ufupi kuliko hapa. Akauliza: "Basi hema yenu ni ya nini?" Swali lake lilikuwa la haki. Tukapatana hivi: hema ni ya kulala tu. Yeye na majirani wawili walijenga jiko la miti na udongo hatua chache pembeni, wakaweka manjanja mawili ya zamani juu, na ile tiyo ya mikebe ikapata kazi pale. Jioni wote wanakaa humo, mawe ya mafiga yanapashwa, na moja likipoa kidogo linafungwa katika nguo na kuingia kitandani na watoto.

Kwa wafadhili: yale mahema mepesi tunawashukuru, lakini msilete mengine kwa milima. Tuleteeni bashi nzito, misumari na manjanja. Orodha ya jamaa ambazo bado ziko chini ya nailoni iko kwa katibu, na mvua zinaanza mwezi wa tisa.